Mama Gode na Wimbo wa Loreng

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua la Kakuma halijaanza kazi yake ya kuchoma watu, Godelieve hukisafisha kinanda chake kwa mswaki. Ni mswaki wa kawaida wa meno, wa buluu, na ole wake atakayeugusa. Huupitisha kwenye kila upenyo kati ya vibao vyeupe na vyeusi, akipuliza vumbi, akikunja uso, akiusema upepo wa Turkana kama anavyosemwa mtoto wa jirani aliyeingia nyumbani na miguu michafu. Akimaliza huunganisha waya na betri ya sola na kujaribu do moja tu. Ikilia sawasawa, hushusha pumzi. Hapo ndipo hukumbuka kwamba hajanywa chai.

Watu humwita Mama Gode. Ni Mrundi, mjane, ana miaka arobaini na kidogo. Ni mfupi, na sauti yake ndogo haimfai kabisa kwa kuimba, ila inatosha kuwagombeza wanakwaya thelathini na wawili mpaka wakajuta kuzaliwa. Ametunga nyimbo za kanisa zaidi ya mia moja. Zote zimo katika kaunta buku saba, kwa d r m f za mkono wake, sauti nne zimepangwa moja chini ya nyingine, na juu ya kila ukurasa, upande wa kulia, ameandika: Mtunzi, Godelieve N. Hata wimbo wa mistari miwili wa kuwaaga wageni una jina lake. Wenye midomo husema ana majivuno. Hawajui alikotoka.

Alitoka Ruyigi, Burundi, akiwa na miaka tisa, ameshika pindo la kanga ya mama yake, na baba yao akabaki nyuma. Akakulia kambini Tanzania. Huko kulikuwa na katekista mzee aliyepiga kinanda cha upepo, kile cha zamani chenye mpini wa kupulizia kwa pembeni, na kazi ya kupuliza akapewa Godelieve kwa kuwa alikuwa mtoto asiyechoka. Miaka minne alisimama upande wa kushoto akipandisha na kushusha mpini, macho yamenata kwenye vidole vya mzee. Hakuna aliyemfundisha. Siku katekista alipougua homa asubuhi ya Jumapili ya Matawi, binti akakaa kwenye benchi, akampa mwenzake mpini, akapiga Misa nzima. Mpaka leo mkono wake wa kushoto una nguvu kuliko wa kulia, kwa sababu ndio mkono aliouona kwa karibu, na waimbaji wa besi wanampenda kwa hilo.

Huko huko kambini, alipokuwa na miaka kumi na tisa, alitunga wimbo wa Pasaka. Kwaya moja ya wageni ikaupenda, ikaunakili, ikaondoka nao. Miaka michache baadaye alikuwa akimenya viazi, vingine viko motoni, akausikia redioni, kila sauti mahali pake, hata ile pause ndogo aliyoiweka kabla ya Aleluya ya mwisho. Mtangazaji akamtaja mtunzi. Halikuwa jina lake. Godelieve alikaa sakafuni, kisu mkononi, akalia kwa hasira mpaka viazi vikaungua. Tangu siku hiyo, na hata alipohamia kambi ya Kakuma, Kenya, hakuna ukurasa unaotoka mikononi mwake bila jina.

Ndiyo maana kilichomtokea mwaka juzi kilimuuma mara mbili.

Mjini Lodwar kulikuwa na kanisa jipya linalokaribia kutabarukiwa, na kamati ya liturujia ikamwomba Mama Gode atunge Misa ya siku hiyo. Misa nzima, kuanzia wimbo wa kuingia hadi wa kutoka. Mkimbizi, mwanamke, wa kutoka Kakuma! Alifurahi hadi akaogopa. Aliandika miezi kumi na nane. Nyimbo zote zilikuja, nyingine kwa urahisi, nyingine kwa kuvutana, lakini wimbo wa sadaka ulikataa katakata. Kila alichoandika kilifanana na alichokwisha kuandika.

Basi siku moja Asinyen, mama wa Kiturkana aliyekuwa akimletea kuni, aliutua mzigo wake barazani, akaomba maji, akaketi kujipunga kwa kipande cha katoni. Akawa anaimba chini kwa chini, mdomo umefungwa. Ulikuwa wimbo wa kupanda polepole, unasita, unapanda tena, halafu unashuka kwa hatua tatu nzito. Godelieve aliacha kuosha vyombo. Alikimbilia kaunta buku na mikono yenye povu, na Asinyen aliponyanyuka kuendelea na safari zake wimbo wote ulikuwa umeshakamatwa kwenye karatasi. Hakumuuliza ni wimbo wa nani. Alimpa chai, akamshukuru, akamwongezea sukari, akamuuliza habari za watoto na mbuzi, yote hayo, lakini hilo moja hakuliuliza. Jioni hiyo maneno ya sadaka yalikuja, na sauti nne zikajipanga zenyewe. Na juu, upande wa kulia, mkono wake ukaandika jina kwa mazoea.

Ulikuwa wimbo mzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Yeye alilijua hilo na kwaya ililijua. Ilunga, mwenyekiti wa kwaya, Mkongomani mwenye besi inayotikisa mabati, alivua miwani baada ya kuuimba mara ya kwanza.

"Mama, ni muzuri kabisa," akasema. "Usiuguse tena."

Agot peke yake ndiye aliyenyamaza. Agot ni Mdinka, kiongozi wa sauti ya pili, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Wakati wengine wanakunja karatasi, alimfuata Godelieve penye kinanda.

"Mama Gode, hii wimbo ni ya ng'ombe."

"Ya ng'ombe vipi?"

"Kwetu mwanaume anaimba ng'ombe yake. Iko hivi hivi, inapanda inapanda. Hii iko na mwenyewe."

"Hao ni Wadinka, Agot. Hapa ni Turkana."

"Ng'ombe ni ng'ombe," Agot akasema, akaenda zake.

Godelieve aliliacha likapita. Tusimfiche: hakutaka kusikia. Ukishapata kitu ulichokitafuta miezi kumi na nane, masikio hujifunga yenyewe.

Wiki tatu kabla ya sherehe, kwaya ilipata vibali vya kusafiri, ikapanda lori hadi Lodwar kufanya mazoezi ya pamoja na kwaya ya wenyeji. Walipofika wimbo wa sadaka, mlango wa sakristia ulifunguka, akatoka Padri Ekal akiwa na ndara, kikombe cha chai mkononi. Padri Ekal ni Mturkana wa Loima, kijana bado, ndiye aliyesimamia liturujia ya siku hiyo. Aliwaacha wamalize. Kisha akauliza, taratibu sana, "Huu wimbo mmeutoa wapi?"

Godelieve alimweleza kuhusu Asinyen.

"Asinyen binti Epuyo," padri akasema. "Mama, huyu ni Loreng. Ni dume wa babake. Mimi nimekua nikimsikia huyu ng'ombe kutoka boma la pili."

Akamkalisha kwenye benchi, akamfafanulia. Kwamba mwanamume wa Kiturkana huwa na maksai wake mmoja, dume aliyehasiwa, aliyemchagua ujanani, akamtengeneza pembe zipinde atakavyo, akachukua hata jina lake. Epuyo, wenzake wa rika humwita Apaloreng, baba wa Loreng, yule mwekundu. Kwamba wimbo wa maksai ni wa mtu mmoja. Jirani anaweza kuujua wote, lakini hasimami mbele za watu na kuuimba ilhali mwenyewe yuko hai. Na kwamba Loreng alikufa kwa ukame mkubwa uliopita, mzee akamshika kichwa mpaka mwisho, na tangu hapo Epuyo hajaimba. Hata arusini haimbi.

Godelieve alitazama karatasi iliyokuwa mapajani mwake. Mtunzi, Godelieve N. Aliiona redio ile, na viazi, na kisu, na safari hii aliyekuwa upande wa pili wa redio alikuwa yeye.

"Mama," Ilunga akajaribu kumwokoa, "tubadilishe noti mbili, tatu. Nani atajua?"

Alimwangalia mpaka Ilunga akaanza kukagua viatu vyake mwenyewe.

"Padri," Godelieve akasema, "nipeleke kwa mwenyewe. Akikataa, nitautoa kwenye Misa. Siku ya kutabaruku watu watatoa sadaka kimya."

Walikwenda siku ya pili, kwa pikapu ya parokia, kinanda kimefungwa kwa blanketi kati yao kama mgonjwa, na mfuko wa tumbaku, majani ya chai na sukari miguuni. Namoruputh, kwa Epuyo, ni mbali, na barabara inakatwa na laga baada ya laga, mito ile ya mchanga mkavu. Njia nzima Godelieve alikuwa akijifunza kichwani jinsi ya kuomba radhi, na kila alipofika katikati alisahau mwanzo.

Epuyo walimkuta kivulini mwa mgunga, ameketi kwenye ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho mzee wa Kiturkana hatoki bila kukishika mkononi. Alikuwa mwembamba, mguu mmoja umenyooshwa, macho mekundu ya vumbi.

"Ejok, Apa," Godelieve akamsalimu.

"Ejok-noi."

Tumbaku ikapokelewa. Padri Ekal akaongea kwa Kiturkana, kwa muda mrefu, na Godelieve akaona uso wa mzee ukijifunga. Ulipokwisha kujifunga, mzee alisema neno moja, na padri akalitafsiri bila kumtazama mtu.

"Anauliza kama wewe una ng'ombe."

"Sina, Apa."

"Anasema, basi uliimba nini?"

Maneno yote aliyojifunza njiani yakayeyuka. Godelieve alijikuta anamweleza jambo ambalo hata kwaya yake haikulijua. Kwamba babake alikuwa na ng'ombe jike aliyeitwa Bihogo. Kwamba siku ya kukimbia, baba alitembea nao nusu ya njia akimvuta Bihogo kwa kamba, kisha ndama akakosekana, na ng'ombe akagoma kuendelea bila ndama wake. Baba akasema, tangulieni, nitawakuta. Akarudi na ng'ombe wake. Hawakumwona tena, wala yeye wala ng'ombe.

"Alikuwa wa rangi gani?" Mara hii mzee aliuliza mwenyewe, kwa Kiswahili.

"Mwekundu, Apa. Wa kukoza."

"Alikuwa na wimbo?"

"Alikuwa nao. Kila jioni baba alimwimbia. Mimi nilikuwa mtoto, nilikuwa nacheza, sikuushika. Nimetunga nyimbo mia na zaidi, na ule mmoja sina."

Epuyo alisokota tumbaku kati ya vidole, akaitia mdomoni, akatema pembeni. Kisha akaelekeza kidevu kwenye lile blanketi.

"Piga."

Godelieve akaweka kinanda juu ya masanduku mawili, akakiunganisha na betri ya pikapu, akapiga wimbo wote, mkono wa kulia ukifuata sauti ya Asinyen, wa kushoto ukitembea chini yake. Mbuzi waliacha kula majani. Alipofika kwenye zile hatua tatu nzito za kushuka, mzee alinyoosha mkono.

"Hapana. Loreng hakuanguka hapo."

"Asinyen aliimba hivyo, Apa."

"Asinyen alikuwa mtoto. Alisahau." Akauinua mkono wake mkavu hewani, polepole, kwa ngazi tatu. "Hapa ametoka kunywa maji. Anapanda ukingo wa laga. Anapanda."

"Uniimbie nisikie."

"Sina ng'ombe. Niimbe nini?"

Hakuimba. Aliupandisha ule mkono tena na tena, na Godelieve akapapasa noti moja moja mpaka mzee akatikisa kichwa kukubali. Akatoa kalamu, akafuta hatua zake tatu, akaandika zile za kupanda. Halafu akapeleka kalamu juu, upande wa kulia. Akalikata jina lake. Akaandika: Mtunzi, Apaloreng.

"Umeandika nini hapo?" Epuyo akauliza, na padri alipomsomea, aliikazia macho karatasi hadi Godelieve akadhani amekasirika upya.

"Nitakuja huko Lodwar," mzee akasema mwishowe. "Nitasikiliza. Akiwa ni Loreng, ataimbwa. Nikiona siye, nitatoka. Nikitoka, mnyamaze, msimwimbe tena mahali popote."

"Nimekubali, Apa."

Na alimaanisha. Aliporudi aliwaeleza wanakwaya masharti hayo neno kwa neno, na Ilunga akajishika kichwa. Kunyamaza mbele ya askofu, mbele ya watu elfu mbili? Godelieve akamwambia afadhali askofu ashangae kuliko yeye awe mwizi.

Siku ikafika. Kanisa lilinuka rangi mpya. Mpiga kinanda huwapa watu mgongo, kwa hiyo Godelieve ana kioo kidogo cha kunyolea ndevu alichokifunga kwa waya mbele yake, aweze kumwona padri altareni. Asubuhi hiyo alikigeuza kidogo kulia, na mle kiooni akampata Epuyo, safu ya mbele, amekataa benchi, amekaa kwenye ekicholong yake katikati ya njia ya pembeni, Asinyen mkekani ubavuni mwake. Kuanzia hapo aliipiga Misa jicho moja likiwa kwa mzee.

Sadaka. Watu wakaanza kuja mbele na vikapu, vibuyu vya maziwa, mbuzi watatu. Kwaya ikaanza. Mstari wa kwanza, mzee hakutikisika. Mstari wa pili, aliinamisha kichwa. Mstari wa tatu ukaanza kupanda ukingo, hatua ya kwanza, ya pili, na mle kiooni Epuyo akasimama.

Godelieve hakungoja mzee ageuke. Aliondoa mikono, akaiweka mapajani, na Ilunga, Mungu ambariki, akaifunga ile besi yake katikati ya neno. Wengine wakafuata. Kanisa lote likawa kimya, watu elfu mbili na askofu wao, ikasikika mbuzi mmoja tu akilia. Godelieve alifumba macho ili asimwone mzee akitoka.

Kimya kile kikavunjwa na sauti. Sauti ya mtu mmoja, kavu, yenye kutu ya miaka, ikaanza palepale kwaya ilipoachia, kwenye hatua ya tatu, ikapanda. Akafumbua macho. Epuyo alikuwa amesimama mahali pake, mikono miwili ameinyanyua juu ya kichwa, imepinda kama pembe, moja mbele na moja nyuma, jinsi Loreng alivyotengenezwa. Anaimba. Asinyen alijifunika uso kwa shuka na mabega yakaanza kumtetemeka. Kutoka nyuma ya kanisa akina mama wa Kiturkana wakapiga vigelegele, na wazee wawili wa rika lake wakainuka walipokuwa.

Godelieve alijaribu kumtafutia ufunguo ili amsindikize. Hakumpata. Mzee alikuwa katikati ya vibao, penye sauti ambayo kinanda hakina. Basi akaiacha mikono ilipo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakaa kwenye benchi la kinanda bila kazi, machozi yakimtoka waziwazi mbele ya watu. Agot ndiye aliyejua la kufanya. Aliingia chini ya sauti ya mzee kwa sauti ya pili, polepole, kama mtu aliyezaliwa kwenye nyimbo hizo, naye kweli alizaliwa kwenye nyimbo hizo, na kwaya nzima ikamfuata. Wakaumaliza wimbo hivyo, bila kinanda, mbuzi wakiwa wamekwama katikati ya njia na askofu akingoja bila haraka.

Baada ya Misa mzee alimkuta nje.

"Mbona mlinyamaza?" akauliza, amekasirika kweli.

"Apa, ulisimama. Nikajua unatoka."

Epuyo alimkodolea macho, halafu akamgeukia Padri Ekal kana kwamba huyu mama ni wa kuhurumiwa. "Ng'ombe haimbwi mtu akiwa amekaa," akasema. "Nani anaimba dume amekaa? Wewe ulikaa mbele ya Loreng kama unakamua mbuzi."

Godelieve alicheka na kulia kwa pamoja. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kwa hiyo ni yeye, Apa?"

"Ni yeye," mzee akasema. "Mwimbe."

Jumapili iliyofuata, Kakuma, Ilunga alikuja kanisani mapema na matofali manane. Akainua kinanda, manne huku, manne huku, akaondoa benchi. Wageni hudhani parokia imekosa fundi wa kutengeneza viti. Wakati wa sadaka, wimbo wa Apaloreng ukifika zamu yake, Mama Gode huupiga akiwa amesimama, mwanzo hadi mwisho, na machozi yakimjia huyaacha yashuke, kwa sababu mikono yote miwili ina kazi.